Kamba ya Mita Sitini

Jumamosi ya tatu tuliingia Lihuka na magunia,
maji yakatuuma vifundo kama mbwa wa jirani.
Tulitoa chupa za dawa ya viazi, zenye fuvu kwenye lebo,
kandambili za kushoto (za kulia sijui huenda wapi),
na godoro moja lililokunywa masika mawili
hadi likataka wanaume wanne na tusi moja.
Faidesi Nyagawa akatangaza: "Mkazi mmoja, kahamishwa."
Tukacheka. Taka haina mwenyewe.

Kazi ilikuja Jumamosi ya nne.

Mimi ndiye katibu. Mimi ndiye niliyeandika
kwa wino wa bluu, herufi kubwa, kwenye daftari la kamati:
KUTOKA UKINGO WA MAJI, MITA SITINI, HAKUNA KULIMA.
Basi nikapewa kamba.

Ikapita kwenye njegere za Lugome; akanyamaza.
Ikapita kwenye kinyungu cha mjane wa Msigwa,
mahindi ya kuchoma Desemba, wakati wengine hawana.
Akauliza, "Na nitakula kamba?"
Nikaandika jina lake. Mkono wangu ulikuwa imara,
Mungu anisamehe, imara kabisa.

Halafu ikafika kwangu.

Milingoti mia moja na kumi na minne.
Niliipanda mwaka aliozaliwa Tulizo.
Sasa yuko kidato cha pili, na miti
imebakiza miaka miwili iitwe nguzo.
Kamba ikapenya katikati yake, ikaendelea,
ikaishia kwenye kizingiti cha jiko la mama.

Wakaniangalia wote, kama mtu aliyeitwa
kusoma somo kanisani na miwani kasahau nyumbani.

Mama akatoka na mwiko.
"Kamwene," akawasalimu, mmoja mmoja, bila haraka.
Kisha mimi:
"Hapo uliposimama nilikuwa nachota kwa kibuyu.
Palikuwa na mivengi mitano. Baba yako akaikata
ajenge hili jiko. Wewe ukaleta hawa warefu,
wanywaji wasioshiba.
Sasa nashuka hatua mia mbili. Nimezihesabu,
maana magoti yananidai."
Akarudi ndani. Ugali ulikuwa unaungua.

Sikukata siku ile. Daftari litanishuhudia.
Nilikata wiki iliyofuata, ukungu haujaachia bonde,
mti wa kwanza peke yangu, kwa hasira,
wa pili na Lugome, aliyekuja na msumeno bila kuitwa.
Kwa wa tatu akaja mjane wa Msigwa,
akaketi juu ya kisiki, akamenya kiazi cha kuchoma,
akanitazama tu.
Ilikuwa haki yake.

Mivengi tuliyopanda inamfika mtoto gotini.
Ada ya Tulizo nadaiwa.
Juzi mama kasema hatua ni mia na tisini na sita,
lakini anazeeka, huenda hesabu imemponyoka.
Nimeiandika hivyo hivyo, chini ya herufi zangu kubwa,
kwa penseli.