Plagi Kavu

Kiki ya kumi na saba. Kimya.
Goti limeshaanza kunisema,
na BSA imeegemea mguu wake wa upande
kama mgeni aliyekataa kuvua viatu.

Saa tano usiku, Mudhairib, mwezi wa saba.
Mchana chuma hakishikiki;
spana ukiisahau juani inakuandika kiganjani.
Basi nafanya kazi kwa taa ya kichwani,
kiyoyozi kikidondosha maji yake ndooni,
na nyuma ya ukuta falaji inapita taratibu
kuelekea mitende ya watu wengine.

Kabureta niliifungua mwenyewe.
Nasema mapema, asilaumiwe mtu.
Niliichemsha kwa maji ya ndimu kavu,
matundu ya jeti nikayazibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki,
jeti zenyewe nikazilaza ndani ya finjani,
shaba tupu, zikimeta kama meno ya bibi harusi wa zamani.
Ndipo simu ikaja: dada yangu, Sur, hospitali.
Siku kumi na moja.
Niliporudi, mikono ilikumbuka kila skrubu
nami nikaiamini.
Mikono ina kiburi.

Haya, tuhesabu.
Petroli ipo: nabonyeza kidude cha boya,
inafurika, inanichoma kwenye mkwaruzo wa kidole.
Cheche ipo: tuliilaza plagi juu ya silinda,
kijiuzi cha buluu kikaruka,
na Muadh naye akaruka, maana alikuwa ameishika.
Mgandamizo upo; goti langu shahidi.
Wote wamo nyumbani
na hakuna anayeitika hodi.

Sudhakaran wa karakana ya mbele
amekuja na karaki yake kwenye kikombe cha karatasi.
"Petroli mafi?"
Petroli ipo, bwana.
"Plagi?"
Namwonyesha. Anaigeuza chini ya taa, anainusa
kama mnunuzi wa ubani asiyetaka ijulikane ameupenda.
Kavu, anasema.
Kisha anaketi juu ya tairi, anakunywa chai, haongezi neno.
Anajua kumwacha mtu aone haya polepole.

Kavu.
Bakuli limejaa, plagi kavu.
Naweka kiganja mdomoni mwa kabureta,
namwambia Muadh, piga. Anapiga.
Sihisi kitu. Hata ule ubaridi mdogo
wa mtu avutaye pumzi usingizini.

Tumbo lilijua kabla yangu.

Nati mbili. Gasketi. Naivuta kabureta kando,
naingiza kidole cha shahada kwenye koo la injini
nacho kinagusa pamba.
Ule upepo wa shamali! Lile vumbi!
Niliziba tundu kwa kitambaa,
nikasema, dakika tano tu.
Kinatoka shingo upande, chekundu, kimelowa petroli,
kipande cha kanga ya Thuweiba,
na ukingoni, kwa herufi nyeusi, nusu ya jina lake:
… NIMENYAMAZA.

Sudhakaran hasomi Kiswahili. Bahati yangu.
Muadh anasoma.
Amecheka mpaka ameketi chini kwenye changarawe:
"Babu, ilikuwa inakwambia!"

Kiki ya kumi na nane haikuwasha, niseme kweli.
Ya kumi na tisa ilikohoa.
Ya ishirini, moshi mweupe, kisha ile ngurumo nzito
ya mzee anayesafisha koo kabla ya kudai chake,
na dirisha la jikoni likafunguka.

Thuweiba ametoa kichwa.
Hakuuliza kama imewaka, masikio anayo.
Aliutazama mkono wangu.
"Hiyo kanga," kasema,
"naitafuta tangu mfungo mosi."

Nikaipiga resi kidogo,
kama mtu ambaye injini inamzuia kusikia.