Ramani ya Kabla ya Bwawa

Jikoni kwa Olaya, Mieres, mvua inachapa vigae.
Tumesukuma sahani za maharage pembeni,
povu la mvinyo wa matufaha halijatulia glasini,
na ramani imelala mezani kama mgonjwa,
nasi tunazozana pa kuanzia kumpasua.

Xuacu anataka kona. Kona tu.
Barabara iliyonyooka, asema, ni ya malori na maiti.
Nel, aliyetoka mgodini na pafu moja na nusu,
anataka kituo kila kilomita sitini:
kahawa, choo,
na mahali pa kukohoa bila kutazamwa.
Olaya ana orodha. Kamba za mpira, plagi mbili za akiba,
mafuta ya mnyororo, soksi za sufu,
maana kule juu Tarna, hata mwezi wa sita,
baridi hukuvua vidole kimoja kimoja.

Mimi naandika. Ndiyo kazi yangu kila mwaka:
naandika, nafuta, naandika tena
mpaka karatasi itoboke pale penye Jumamosi.

Ramani ni ya marehemu baba yake Telvina.
Mikunjo imechakaa ikawa mabonde mapya,
nusu ya León imemezwa na doa la kahawa
la mwaka asioukumbuka mtu.
Simu zetu zingetupa njia kufumba na kufumbua,
lakini simu haijui kubishana,
na sisi bila ubishi hatufiki hata langoni.

"Tupande Tarna," asema Xuacu, "tushukie Riaño, tulale.
Kesho yake Pontón, kisha tuteremke na mto Sella
ndani ya korongo la Beyos,
mwamba kulia, mwamba kushoto,
mbingu juu nyembamba kama mshipi."
Analalia kona palepale kitini,
goti lake la chuma linagonga mguu wa meza,
Nel anakamata breki isiyokuwepo.
Tunacheka. Miaka sitini na ushei,
na bado tunaendesha viti.

Telvina hacheki.
Kidole chake kimeshika uzi mwekundu wa barabara,
kinakwenda taratibu, gia ya pili,
kinavuka daraja, kinapita kanisa,
kinapinda penye kinu cha maji, kinasimama.
"Hapa. Mlango wa kijani.
Mbwa alikuwa anafungwa hapa."

Xuacu anafumbua kinywa. Nel anamkanyaga.
Sote tunajua: pale pana maji.
Walilifunga bonde, mto ukarudi nyuma,
ukapanda ngazi za watu bila kubisha hodi.
Ramani hii ilichapwa kabla.
Hapa mezani, kijiji bado ni kikavu.

Miaka kumi na minne tunasafiri pamoja,
na kila tukipanga kupita upande ule
Telvina hupata udhuru: mnyororo umelegea,
mpwa anaoa, jino.

"Nimeambiwa lami inaingia ziwani," asema.
"Kiangazi kikikaza, maji hushuka,
unauona mstari mweupe wa katikati
unatelemka, unatelemka,
kama mtu aliyekwenda kuoga asiage.
Nataka nifike hapo.
Mpaka gurudumu la mbele liguse."

Friji inanguruma. Mvua nayo.
Olaya anavuta orodha yake,
analamba ncha ya kalamu, anaongeza: taulo.

Naandika mimi: Jumamosi, saa tano asubuhi,
barabara ya zamani, hadi inapokoma.
Mara hii sifuti.

"Kuna choo?" auliza Nel.
"Kulikuwa nacho," ajibu Telvina, "nyuma ya ghala la nyasi,"
na sasa ndipo anapocheka, kwa pua,
huku akijipangusa jicho kwa kiganja.

Xuacu anaisogelea ramani, anakunja uso,
anaufuata ule uzi mwekundu hadi bluu isiyochorwa.
"Hiyo njia ina kona?"
"Hata moja. Baada ya kinu imenyooka."

Anajimiminia glasi kutoka juu, mkono umenyooshwa,
nusu inamwagikia sakafuni.
"Haya," asema. "Nitavumilia."