Daftari la Uji

Saa kumi na moja alfajiri, Cheyo bado imejifunika.
Nawasha moto nyuma ya kanisa
kwa masalia ya mninga aliyoyatupa seremala,
kuni zenye kiburi, haziwaki mpaka uzibembeleze.
Sala yangu ni fupi:
Bwana, sukari imefika elfu tatu na mia mbili.
Amina.

Wanakuja kutoka stesheni, mmoja mmoja,
wameubeba usiku mabegani kama gunia lisilo na mwenyewe.
Vijana waliodandia behewa la mizigo huko Kaliua.
Nyanzobe, aliyefukuzwa na wakwe
hata matanga hayajaanuliwa.
Na mzee wa koti la mvua,
Julai hii, mvua yenyewe ikiwa imeshatusahau.

Mchungaji anataka majina. Wafadhili wanataka majina.
Basi lipo daftari, na kalamu iliyofungwa kwa uzi:
namba, jina, umri, anakotoka.
Mzee wa koti ana jina la kila siku.
Jumatatu Ntegwa. Jumanne Zakaria.
Jumatano akasema, Andika Behewa.
Nikaandika Behewa.
Mungu anajua aliyekunywa.

Sitasema uongo, siwapendi kila siku.
Zipo asubuhi namhesabia mtu michembe
kwa jicho la mkusanya ushuru.
Mfuniko wa sufuria kubwa ulipoibwa
nililaani kwa maneno
ambayo shemasi hapaswi hata kuyafahamu.
Na lile blanketi la kijivu nililoligawa mwezi wa sita,
lenye kiraka cha kitenge cha marehemu mama,
nililikuta Jumamosi sokoni, limetandazwa juu ya turubai.
Mtumba daraja la kwanza, dada, limetoka Ulaya.
Limetoka Isevya, nikamwambia.
Limetoka kitandani kwangu.
Akacheka, akapunguza mia tano.

Nikalinunua. Elfu nne na nusu,
fedha niliyoitenga kwa Kasubi mwenye nyumba,
anayenidai miezi miwili
na siku hizi huisalimia miguu yangu tu.

Kesho yake somo lilikuwa la kanzu na joho.
Nilikaa benchi la nyuma, nimekunja mikono,
nikingoja lifike kwa mtu
aliyelinunua tena joho lake mwenyewe.
Halikufika.

Usiku ule baridi ilishuka bila kubisha hodi.
Nilipokwenda kufunga geti
mzee wa koti alikuwa ngazini,
meno yake yakigongana kama vikombe kwenye beseni.
Blanketi lilikuwa kwapani mwangu.
Ningependa kuandika kwamba upendo ulinisukuma.
Haukunisukuma. Mkono ulitangulia tu,
moyo ukafuata nyuma unanung'unika,
kama mtoto anayetumwa kisimani.

Leo amekuja nalo begani, kiraka kikiwa juu.
Wangaluka, akasema,
akaichukua kalamu yeye.
Sikujua kama anajua kuandika.
Wewe unaitwa nani?
Mama Uji.
Hilo ni jina la sufuria. Wewe.

Miaka mitatu nipo hapa.
Jina langu likatoka kinywani
kama mgeni asiyejua aketi wapi:
Milembe.

Akaliandika taratibu, ncha ya ulimi ikichungulia,
namba thelathini na mbili, Milembe.
Umri akauruka, kwa adabu.
Anakotoka: akaniinulia macho.
Nikakiona chumba cha Kasubi,
na kufuli jipya aliloniahidi mwisho wa mwezi.
Andika hapa hapa, nikasema.

Akanichotea kikombe.
Uji wenyewe, sukari haikutosha;
kumbe wamekuwa wakiunywa hivi hivi, kimya.
Nilianza kuunywa nimesimama, upawa mkononi.
Nyanzobe akamgusa kijana wa Kaliua kwa kiwiko,
wakasogea,
benchi likalia kidogo,
nikakaa.