Linanyamaza Saa Ngapi

Saa kumi na mbili na nusu, Uyole bado maziwa matupu.
Ukungu umeshuka hadi usawa wa magurudumu,
malori ya Tunduma yanapita kwa sauti tu.
Ambwene analeta Probox yake, honi mbili juu ya paa,
gari la matangazo lililokaukiwa koo.

"Amplifaya imekufa, dada Subilaga.
Mjini wamebadilisha transista nne, elfu themanini.
Jioni nikarudi nayo inanguruma.
Kulipokucha, kimya. Taa nyekundu."

Napuliza vidole. Ng'ambo ya barabara
kibanda cha chai hakijafunguliwa.
Baridi hii, nasema moyoni, nani angewahi?

Nikaanza na betri: kumi na mbili nukta sita, haina neno.
Fyuzi: mtu ameizungushia karatasi ya sigara, ile ya kung'aa.
Nikamwonyesha. Akatazama pembeni
kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.
Nikaweka fyuzi ya haki.
Waya wa ardhi nikaukwangulia rangi hadi bati likacheka.
Taa bado nyekundu.

Wenzangu wangekwisha kamata bisibisi
wapasue tumbo, wanuse palipoungua.
Mimi nina swali la kishamba:
linanyamaza saa ngapi?
"Asubuhi."
Mchana?
"Mchana linasema mpaka watu wananitukana."
Na siku ya jua?
Akafikiri, akavuta kola ya koti.
"Siku ya jua linawahi kuamka."

Basi si amplifaya.
Amplifaya inalala chini ya kiti,
haijui kama kumekucha.

Nikachomoa waya zote za spika: taa ikawa kijani.
Nikarudisha honi ya kulia: kijani.
Nikarudisha ya kushoto, na papo hapo nyekundu,
kama mtu aliyekanyagwa kidonda.

Nikapanda juu ya paa kwa magoti, keria imelowa chepechepe,
nikaufuata waya kwa vidole, si kwa macho,
hadi pale honi ilipofungwa kwa kamba ya katani,
kamba ya magunia ya viazi,
na waya umepita chini yake.
Ganda limelika. Shaba iko wazi.

Katani ikilowa hukaza.
Usiku kucha ilikunywa ukungu,
ikajinyonga, ikaikandamiza shaba juu ya chuma.
Jua likitoka inalegea, vinaachana,
na mjini, saa saba mchana,
nani angeona kosa?

"Elfu themanini," Ambwene akasema, si kwangu.

Nikakata, nikasokota, nikachoma risasi,
moshi wake ukaingia puani na kukaa.
Tepu nyeusi, juu yake kipande cha tyubu ya baiskeli.
Kamba nikaitupa mtaroni.
Honi nikaifunga kwa mpira.

"Jaribu."

Moja, mbili. Moja, mbili.
Mbwa wakajibu kutoka upande wa mashamba.
Akacheka, akanishika bega, akasema atalipa jioni,
nusu pesa nusu viazi, nami nikakubali kwani ndivyo alivyo.
Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne,
kazi iliyomtoa kitandani,
akasafisha koo lake, hilo lake mwenyewe sasa:

"Tangazo la msiba. Tangazo la msiba.
Bi Tumwitike Sikanyika wa Nsalaga..."

Jina sikulijua. Nilikuwa nafuta mikono.

"...aliyekuwa akiuza chai hapa njia panda,
mkabala na fundi redio..."

Fundi redio ni mimi.
Mwaka wa saba huu nanywa kwake, tangawizi nyingi,
namwita Mama, basi.

Gari likaanza kutembea, likaingia kwenye weupe,
sauti safi, haina hata mkwaruzo,
kila silabi imefika.
Mita ilikuwa mkononi, sijaizima.
Ncha zake mbili ziligusana,
ikalia, ikalia,
nami nikaiacha.