Steringi Hafi

Kwenye kibanda cha shangazi Mwanamkasi,
Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani,
kuta za magunia ya mkonge, viti vya kreti za soda,
mimi nilikaa mlangoni na kopo la maziwa ya unga,
nikipokea sarafu
na kuwafukuza wanaochungulia bure.

Picha nilizijua kwa masikio kabla ya macho.
Kwanza mvua. Siku zote mvua.
Kisha mnyonge, kakonda, shati limechanika bega moja
(bega lilelile, sijui fundi wao nani),
mama yake anakohoa ndani,
na adui anashuka garini na miwani nyeusi
usiku wa manane.
Kipigo. Jino linaruka.
Halafu mlima, na babu mwenye ndevu za pamba
anamfundisha kubeba ndoo za maji, miezi sita.
Ndoo!
Kwa nilizobeba mimi kutoka bombani
ningeshampiga adui wa mtaa mzima.

Wiki hii steringi Mchina, wiki ijayo Mhindi,
wiki ile Mzungu mwenye glavu.
Mara moja alikuwa mbwa.
Hata mbwa alipigwa kwanza, akapanda mlima.
Mhina Kidundo, mtafsiri wetu,
maiki imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
aliwasemea wote:
mama mgonjwa kwa lafudhi ya Lushoto,
adui kwa sauti ya karani wa maji.
Steringi peke yake alipewa Kiswahili cha Tanga,
kilichonyooka, kisicho na haraka,
hata akiwa anavuja damu.

Kilua wa kiwanda cha kamba hakukosa hata moja.
Kreti ya mbele, kushoto.
Alhamisi ile alikuja na bahasha kwapani,
katoka kusikiliza kesi ya mishahara yao, miezi tisa.
Adui wake hakuvaa miwani.
Alikuwa na faili, na wakili mpole
aliyemvutia kiti, akamwambia pole, kaka,
muda wa kudai umepita.
Nje jua kali, wala si mvua.
Na mlima nao uko wapi?
Sisi tuna mapango ya Amboni;
Kilua alishaingia mle siku ya Idi,
akatoka vilevile alivyoingia.

Akanipa sarafu zake. Akakaa.

Picha ikafika pale.
Steringi kifudifudi topeni,
kiatu cha adui juu ya shingo,
Mhina kavuta pumzi aseme,
umeme ukakatika.
Kioo kikajikunja kikawa doa moja jeupe,
doa nalo likaenda zake.

Joto. Kikohozi cha kweli, cha mtu wa nyuma.
Kisha wakaanza kumalizia gizani:
Anaamka huyo!
Anamkumbuka mama yake!
Anachota tope, anamrushia machoni!
Steringi hafi, wewe, steringi hafi!
Wakapigana kwa midomo mpaka adui akaisha,
ndipo wakadai hela zao.
Shangazi akawasha kibatari:
«Mwisho mmeusema wenyewe. Mnanidai nini?»

Wakacheka, wakaanza kusimama.
Kilua alikuwa bado anakitazama kioo cheusi.
«Mwacheni kwanza,» akasema.
«Mwacheni alale kidogo.»

Hakuna aliyemjibu.
Mhina alikuwa akikunja waya wa maiki,
akaukunja taratibu kuliko kawaida yake.

Umeme ulirudi karibu na adhana ya alfajiri.
Deki ikapepesa sifuri zake nne.
Kanda ilikuwa tumboni bado,
imesimama palepale, topeni.
Shangazi akapiga kelele toka kitandani:
«Irudishe mwanzo, we mtoto, jioni wanaingia wengine!»

Irudi mwanzo, yaani mvuani,
jino lirudi kinywani
ili litoke tena.

Niliweka kidole juu ya kitufe.
Nikakaa nacho hapo
mpaka aliponiita mara ya tatu.