Kiti cha Wiesława

Hakuanguka kutoka juu. Hilo watu hulikosea.
Miaka kumi na tisa alikaa angani juu ya bandari ya Gdynia,
ndani ya kibanda cha vioo,
akiokota makontena kama mtu aokotaye chuya kwenye mchele,
kisha Jumanne moja akashuka kufuata chai
na trela likarudi kinyumenyume.

Nyonga, paja, goti. Vyuma kumi na kimoja.

Mimi ndiye niliyepewa kiti chake.
Nilikisogeza mbele vidole vitatu, maana miguu yangu mifupi.
Nilikuta ukutani maandishi yake ya penseli:
Upepo wa kaskazini, usiuamini.
Kebo ya kushoto hulia kabla ya kuugua.
Mshahara ulipanda. Nilinunua jiko jipya.
Nilimtembelea mara mbili tu.

Mara ya pili ilikuwa ukumbi wa mazoezi:
ngazi ya mbao yenye vipandio vinne
isiyokwenda popote,
naye akipanda, akishuka, akipanda,
na kijana wa tiba akimhesabia
kwa sauti ya upole aliyoichukia.
"Vinne," aliniambia, akihema. "Kule kwetu mia na kumi na viwili.
Gawanya."
Nikagawanya. Ishirini na nane.
"Basi leo nimefika nusu,
na hakuna hata bahari ya kutazama."

Leo amerudi. Barafu imeng'ang'ania vyuma.
Hieronim wa zamu ameleta maandazi ya jamu.
Wamempigia makofi, ameyazima kwa kiganja:
"Mimi si bibi harusi."
Lifti ipo. Ameipita
kama unavyompita mtu anayekudai.

Nimemfuata, vipandio vitatu nyuma yake,
mikono tayari, nikijifanya nakagua kutu.
Kwenye cha sitini amesimama.
Mguu wa kushoto umetetemeka ndani ya buti
kama simu iliyozimwa sauti.
Nami, Mungu anisamehe,
kwa pumzi moja nimetaka ageuke.

Hakugeuka.

Juu, amekirudisha kiti nyuma vidole vitatu.
Ameona, chini ya penseli yake, mstari wangu mmoja:
Jua la saa tisa hupofusha, shusha pazia.
Ameusoma. Amelowesha kidole gumba kwa mate,
akakiweka ukutani,
akakiondoa.
Hakuufuta.

"Nenda ukalete chai," amesema,
macho kwenye kebo ya kushoto.
"Na matrela uyaangalie."