Kidonge cha Saa Moja Kabla

Mkono huu hautetemeki.
Iulize sindano, iulize kofia ya vito
niliyoishona miezi minne kwa ajili ya imamu wa Langoni,
tundu kwa tundu, kila tundu jicho la dagaa,
hakuna hata moja lililokwenda upande.

Lakini nisimamishe mbele za watu,
mkono unakuwa wa mtu mwingine.
Ulimi unagota. Jasho linanitoka kisogoni
kana kwamba nimeiba viatu msikitini.

Alipoolewa Thureya, mwanangu wa kwanza,
nilimpa kadhi uwakala. Nilisema nina mafua.
Kadhi alimwozesha vizuri, kwa sauti ya kadhi,
na Thureya, dirishani, akasikia jina lake
likitoka kinywani mwa mtu asiyewahi kumwita aje kula.
Hajanilaumu. Miaka sita, hajanilaumu,
na hilo ndilo linalonikereketa.

Imefika zamu ya Batuli. Wiki mbili zimebaki.

Ndugu yangu Lali akaja na kidonge mfukoni,
kimekatwa kwa mkasi, jina limebaki upande wa pili.
"Meza hichi. Kitakulaza wasiwasi."
Kililaza wasiwasi, kikanilaza na mimi.
Niliamka adhuhuri ya kesho yake,
sindano imesimama kitambaani,
ua la nane limechanua kombo.
Mke wangu Mwanakhamisi akasema:
"Ukienda hivyo, utamwoza Batuli kwa mpiga picha."

Nikapita vichochoro hadi hospitalini, nikiwakwepa wanijuao,
maana mtu mzima hasemi, Naogopa.
Husema, Tumbo.
Nikasema tumbo.
Tabibu, kijana wa Faza, Bwanaheri jina lake,
akaandika tumbo, kisha akaiweka kalamu.
"Linauma saa ngapi?"
"Watu wakinitazama."
Hakucheka.

Una pumu? La. Sukari? La.
Moyo umewahi kwenda polepole hata ukazirai? La.
Unameza nini kingine?
Mwarobaini, nikasema, na kahawa.
"Kahawa punguza."

Kile cha Lali, alisema, huivuta akili kitandani,
na kikizoeleka hurudi kila siku kama mdai;
si cha kupeana mfukoni.
Kiko kingine, cha mzio, nacho husinziza.
Hiki kidogo ni cha mwili tu:
huutia moyo lijamu usitoke mbio.
"Hofu utabaki nayo. Ila mkono utakuwa wako."
Saa moja kabla. Na kwanza ukijaribu
siku isiyo na harusi.

Nilikijaribu Jumanne. Nikamwozesha paka.

Ijumaa, baada ya Isha, goti kwa goti na bwana harusi,
kiganja chake kilikuwa kimelowa.
Changu kikavu.
Masikini, yeye hakuna aliyemuuliza una pumu.
Hofu ilikuwapo, imeketi mkekani nyuma ya bega langu,
imevaa kanzu safi, haina la kufanya.
Nikasema, Nimekuozesha binti yangu,
na nilipofika jina lake
sauti ikapasuka katikati.
Ile haikuwa hofu. Hofu naijua,
tumeishi nyumba moja miaka hamsini na tatu.
Nikalirudia jina, zima.

Kule dirishani kikatoka kigelegele kimoja
kabla ya wakati wake. Wanawake wakamshushua.
Sikuhitaji kugeuka. Thureya hajawahi kungoja.

Vidonge vinane vimebaki ndani ya kopo la uzi.
Jana Lali amekuja, ana mahojiano ya kazi bandarini.
"Nipe kimoja tu, kaka."
Una pumu? nikamuuliza,
mimi niliyempepea usiku kucha utotoni
akivuta pumzi kwa filimbi.
Akatazama dari.

Nikafunga kopo.
"Nenda kwa Bwanaheri," nikamwambia.
"Mwambie tumbo."